Ngurumo Mbili Fupi, Moja Ndefu

Kucha zilivunjika kabla ya saa tano asubuhi, na aliyezivunja ni shemeji yangu Heaika, ingawa mpaka leo anasema zilikuwa zimechoka. Chuma gani kinachoka? Kilichochoka ni kichwa chake.

Pikipiki yake ya theluji haina feni. Inapozwa na theluji yenyewe. Ule mkanda wa mpira unaoisukuma, ukizunguka, unarusha theluji juu kwenye mabomba ya maji yaliyo chini ya kiti; maji yanapoa, yanarudi kwenye injini, safari inaendelea. Mwaka wenye theluji hukumbuki hata kama mabomba hayo yapo. Mwaka ule mvua ilinyesha Novemba nzima, ikaganda, upepo ukaja ukafagia kidogo kilichodondoka, na ziwa la Gámas likabaki barafu tupu, nyeusi, kutoka mlangoni kwangu mpaka rasi ya ng'ambo. Kwenye barafu tupu mkanda haurushi kitu. Ndiyo maana tunafunga kucha, vyuma viwili vya springi vinavyoburuzwa mbele ya mkanda, vinakwaruza barafu na unga wake unarushwa mle ndani badala ya theluji. Sharti lake ni moja tu. Ukitaka kurudi nyuma, unashuka kwanza, unazikunja juu, unazifunga.

Mvua ile ile ndiyo iliyotufunga sisi. Iliganda juu ya ardhi, na kulungu wetu, hawa wa kaskazini tunaowafuga kwa makundi, wakawa wanapiga kwato mpaka damu bila kufikia chakula chao cha chini. Basi kila siku tukawa tunawapelekea magunia ya chakula rasini. Idadi yao sitakutajia. Kwetu hilo haliulizwi na halisemwi. Itoshe ujue kwamba ni wangu, waliachwa na marehemu mume wangu Biera, na binti yangu anayeishi mjini Alta alikuwa ameshaniandalia chumba nyumbani kwake. Chumba kizuri, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kulungu wakiisha, ndimo nitakamozeekea. Pikipiki yangu mwenyewe ilikuwa imekufa wiki iliyotangulia kwa kuchemka, kwa hiyo tulibaki na moja, ya Heaika, na kiti kimoja cha kubanana.

Kosa jingine ni langu, nalisema mwenyewe kabla Heaika hajalisema. Siku za mwanzo kulungu walikuwa wanatukimbia, nasi tunapoteza nusu ya mchana kuwakusanya. Nikabuni mtindo. Kabla sijakata mdomo wa gunia, nangurumisha injini mara mbili fupi, mara moja ndefu. Baada ya wiki mbili walikuwa wakisikia mashine tu, popote walipo, wanakuja mbio. Nilijisifu sana. Niliwaambia majirani kwenye kahawa ya kanisa kwamba mimi sasa nachunga kwa kidole gumba.

"Shemeji, umewaoza kwa mashine," Heaika aliniambia. "Wewe mwenyewe sasa ni mgeni mwalikwa."

Nilimjibu kwamba wivu utamtoa vidonda.

Basi siku hiyo, katika ule mwanga wetu wa buluu wa Desemba usio na jua, tela la magunia liliteleza likajipinda ubavuni kwetu. Heaika akatia gia ya nyuma alinyooshe. Hakushuka. Nikasikia tak, kisha tak nyingine.

"Nini hiyo?" nikamuuliza sikioni.

"Barafu."

"Barafu gani inalia kama kijiko?"

"Shemeji, mimi ndiye dereva. Wewe abiria. Kaa."

Nikakaa. Miaka thelathini na mitano namjua mtu huyu, tangu akiwa mdogo wa bwana harusi anayekula keki kwa mikono miwili, na bado nikakaa.

Baada ya kilomita tatu hivi harufu ya maji ya rejeta ikanipanda puani, tamu ya kutapisha. Nikachungulia juu ya bega lake. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Zima!"

Akazima. Nikashuka, nikainama ubavuni. Kucha zote mbili zilikuwa vibutu vya urefu wa kidole. Nikainuka polepole kwa sababu nilikuwa natafuta neno la kumwambia, na yote niliyoyapata hayakufaa kwa mjumbe wa baraza la kanisa kama mimi.

"Zilichoka," akasema.

"Na hiyo madigadi ya nyuma? Mbona imefungwa juu?"

Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Aliifunga mwaka juzi, kwenye theluji nene, isije ikaliwa na mkanda. Hakuifungua tena. Maana yake hata ule unga kidogo wa barafu tuliokuwa tunaupata ulikuwa unatoka nyuma ukipeperuka bure. Nikaikata kamba kwa kisu, madigadi ikashuka, nikarudisha kisu alani kabla sijapata wazo jingine.

"Unajua lugha yako ikiwa kimya inatisha zaidi?" Heaika akasema.

"Toa birika."

"Birika gani?"

"Tuna mangapi?"

Birika lile la kahawa lilikuwa la baba yao Heaika na Biera. Heaika hakubali hata lioshwe ndani kwa sabuni. Akalitoa mfukoni mwa tela kama anayetoa mtoto hospitali. Mimi nikatoboa barafu kwa shoka mpaka maji yakapanda, tukateka, tukamwagia juu ya chuma cha mabomba. Mvuke ukatufunika mpaka nikawa simwoni. Tukateka tena na tena, taa ikazimika, tukapanda.

Dawa hiyo ina ubaya wake. Maji yale yanadondokea mkanda, na kwa baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri mkanda uliolowa, ukisimama dakika chache, unaganda unashikana na barafu ya ziwa. Kwa hiyo ukimwagia lazima uondoke papo hapo. Ukiondoka, baada ya kilomita moja unachemka. Ukichemka, lazima usimame. Tulikwenda hivyo, ruka simama, ruka simama, na kila tuliposimama nilikuwa nahesabu kwa moyo muda wa mkanda kuganda. Kurudi nyumbani kulikuwa mbali kama kwenda mbele. Nilihisi ziwa limetufumba kiganjani, na nilichukia kuhisi hivyo, kwa maana ziwa hilo nimelivuka maisha yangu yote.

Safari ya nne ilitufikisha shingoni.

Shingo ya ziwa ni pale linapobana, kati ya ufuko wa kusini na rasi. Chini pana mkondo, na mkondo unaila barafu kwa chini. Njia yetu, tuliyoisimika vijiti, haipiti hapo. Inazunguka kwa magharibi, kwenye barafu nyeupe nene. Lakini taa iliwaka palepale njia inapoanza kukunja, tukasimama, nikapiga shoka, na kwa pigo la pili maji yakaja. Nikapima unene wa barafu kwa mkono. Vidole vinne.

"Vingapi?" Heaika akauliza.

"Vinne."

"Vyako au vyangu?"

"Teka maji, Heaika."

Tukamwagia haraka. Akawasha, akaipa mafuta kidogo isizimike, na ndipo nikatazama ng'ambo. Kwenye ufuko wa rasi palikuwa na mstari wa kijivu. Mstari ukasogea. Ukashuka barafuni.

Walikuwa wameisikia mashine. Hawakuwa na habari ya vijiti wala ya magharibi; walikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kinanguruma mbele yao, moja kwa moja, kuvuka shingo. Mbele yao alikuwa Muzet, maksai mzee mweusi wa Biera, pembe moja imekwisha anguka, anakuja kwa mwendo wa mtu anayejua anachokifuata.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Nikizima mkanda unaganda! Tumeshaumwagia!"

"Wanakuja kwenye shingo! Zima!"

Akageuka, akaona, akazima. Kimya kikashuka juu ya ziwa. Kule mbali kulungu wakapunguza mwendo, wakasimama. Hawakurudi. Walisimama katikati ya barafu wakiwa wameelekeza masikio kwetu, wakingoja, na waliokuwa nyuma wakaanza kuwakaribia waliokuwa mbele.

"Wasirundikane," nikasema. "Mungu wangu, wasirundikane."

"Twende tukawarudishe kwa miguu."

"Wakituona tunakwenda, watakuja kutupokea. Wewe hujui wanachokiona? Wanaona magunia."

Heaika alinywea. Mtu huyo ana mdomo kwa kila jambo, na sasa alikuwa amesimama tu na birika la baba yake mkononi. Nami nilikuwa nimebanwa vilevile. Nikiwasha, wanakuja wanazama. Nikiacha kuwasha, wanarundikana wanazama. Na sisi wenyewe tuko juu ya vidole vinne na tela la magunia.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, na nilikijua kabla sijakipenda. Wanafuata sauti. Basi sauti iondoke hapa iende magharibi, iwavute watoke shingoni mpaka kwenye barafu nene. Lakini isikatike njiani. Hakuna kusimama, hakuna birika. Taa iwake inavyotaka.

"Fungua tela," nikamwambia.

"Utaiua," akasema. Alikuwa ameshaelewa. "Shemeji, hii ndiyo ya mwisho. Ukiiua hii, kesho tunawapelekeaje chakula?"

"Wakizama leo, kesho utampelekea nani?"

Akafungua tela.

Mkanda ulikuwa umeshaganda. Tuliilaza mashine ubavu, tukaugonga kwa kisogo cha shoka, barafu ikapukutika vipande, tukaisimamisha. Yote hayo kwa kunyata, kwa sababu kila tulipotia nguvu sakafu ilikuwa inalia chini ya viatu vyetu. Heaika akataka kupanda.

"Shuka. Mzito wewe."

"Ni mashine yangu!"

"Ndiyo maana usione. Chukua gunia moja begani, ufuate vijiti. Usinikatizie njia."

Nikawasha. Ng'ambo, masikio yote yakainuka. Nikafungua mafuta, nikaondoka kuelekea magharibi, nimeinama, natazama kulia tu. Kwa muda ambao sitaki kuukumbuka walikuja bado moja kwa moja, nikawa nasema kwa sauti, geuka baba, geuka, geuka. Kisha Muzet akapinda shingo. Akafuata sauti. Mstari wote ukaanza kujikunja nyuma yake.

Taa nyekundu iliwaka kabla sijamaliza kilomita ya kwanza. Ile harufu tamu ikaja, kisha mvuke, nikawa naendesha kwa kuchungulia pembeni. Injini ikaanza kulia kikavu, sauti ya kisu juu ya sahani. Nikaisemesha kama ng'ombe wa maziwa, kidogo tu, mama, kidogo tu. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kuyaachia yale mafuta. Nimefundishwa kutunza vitu.

Ikakwama. Haikukohoa wala kutetereka. Mkanda ulijifunga ghafla, mashine ikateleza ubavu, nikarushwa juu ya kioo nikatua kwa kiwiko. Pistoni zilikuwa zimeshikana. Nilijua hata kabla sijainuka.

Nikatazama nyuma. Muzet na waliomfuata walikuwa wamefika kwenye barafu nyeupe. Mkia wa kundi, majike wengi na ndama wa mwaka ule, ulikuwa bado shingoni. Sauti ilipokatika, wote walisimama. Wa mbele wakawazuia wa nyuma. Barafu chini ya wale wa nyuma ikatoa mkoromo mrefu uliopita mpaka chini ya miguu yangu.

Nikasimama, nikaita. Niliwaita kwa ule mwito wa mama mkwe wangu, alioutumia tangu kabla mashine hazijaletwa kwetu, aliokuwa akiwatoa nao mlimani mia kwa mia bila kutikisa mkono. Alinifundisha mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, akinicheka. Sauti yangu ilitoka vizuri. Ilivuka barafu yote. Muzet akageuza sikio moja, akalirudisha.

Nikaita tena. Hakuna aliyeinua mguu. Walikuwa wanainamisha vichwa na kunusa barafu, wakingoja yule waliyemzoea, na yule alikuwa amelala ubavu nyuma yangu anatoa mvuke. Miaka thelathini na mitano nimewachunga wao na mama zao. Hawakunijua. Sijawahi kuumia hivyo, hata kaburini kwa Biera sikuumia hivyo, kwa sababu Biera aliondoka akijua mimi ni nani.

Barafu ikakoroma mara ya pili.

Basi mimi, Sunná, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu wawili, nikavuta pumzi mpaka kiunoni na nikanguruma. Nilianza vibaya, nikatoa sauti ya mtu anayesukutua. Nikajaribu tena kutoka chini zaidi, kooni, kwa midomo iliyotetemeka. Mara mbili fupi. Moja ndefu.

Muzet akainua kichwa.

Mbili fupi, moja ndefu. Machozi yalikuwa yananitoka na mate yanaganda kidevuni, nami nanguruma, mikono nimeinyoosha mbele kama nimeshika usukani, sijui kwa nini, labda waliiona pia mikono. Muzet akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akaja. Waliokuwa nyuma yake wakamfuata, nafasi ikapatikana, na mkia wa kundi ukaanza kutoka shingoni, majike kwanza, ndama nyuma yao. Ndama wa mwisho alitumbukiza mguu wa nyuma, akachota maji, akauchomoa, akakimbia. Sikuacha kunguruma mpaka nilipomwona amefika kwenye barafu nyeupe na wenzake.

Walinizunguka. Wakaninusa mifuko, glavu, kofia. Sikuwa na hata punje. Nilijaribu kuwaambia wangoje na sauti haikutoka; koo lilikuwa moto mtupu. Muzet alisimama uso kwa uso nami, pumzi yake usoni mwangu, anatazama mdomo wangu.

Heaika alifika akihema, gunia begani, birika limening'inia shingoni kwa kamba. Akatazama kundi. Akatazama mashine yake. Akalishusha gunia na kulipasua kwa kisu, kulungu wakamsahau papo hapo kwamba ni mtu.

"Nilidhani imepona," akasema. "Haki ya Mungu nilikuwa kule nyuma nikasema, Heaika, mashine imewaka! Nikafurahi! Kumbe ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wewe peke yako?"

Nikatikisa tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akainama, kisha nikaona mabega yake hayachezi tena kwa kicheko. Akajifuta kwa glavu.

"Sema kitu, shemeji. Nitukane basi."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa hewa.

Hapo akanielewa. Akachukua shoka, akatafuta mahali safi, akakwangua barafu taratibu mpaka ukawa unga, akaukusanya ndani ya kikombe chake cha mbao ambacho hajawahi kumpa mtu anywee. Akaniletea kwa mikono miwili.

"Kula," akasema. "Polepole. Usinichemkie, hatuna nyingine."

Nikala. Mbele yetu kulikuwa na tela la kuvuta kwa mikono, mwendo wa miguu wa kurudi nyumbani, na miezi minne kabla ya majani kuonekana. Binti yangu alipiga simu jioni akauliza mbona sisemi, Heaika akamjibu kwamba mama yako yuko gereji. Asubuhi yake, ulipotoka mwanga, tulikuwa barafuni tena, kila mtu na kamba ya tela kifuani. Tulipokaribia rasi nikasimama, nikavuta pumzi. Heaika alikuwa ameshainama pembeni yangu na shoka, anakwangua barafu kikombeni.